Kumbukumbu za Wapiganaji wa Vita vya Kagera: Neno juu ya Ukusanyaji katika Karagwe na Kyerwa

Vita vya Tanzania na Uganda vya mwaka 1978 na 1979 vilipata waandishi wake mapema. Baldwin Mzirai alitoa Kuzama kwa Idi Amin mwaka 1980, na Henry Muhanika akafuatia kwa utenzi mwaka 1981. Kazi hizo zina thamani yake, ila zilitungwa habari zingali moto, masikio ya watu yakiwa yamejaa maneno ya redio. Mgambo aliyeiacha migomba yake Karagwe hajasemeshwa vya kutosha. Naye, ikiwa alikuwa na miaka 20 wakati ule, sasa amekwisha kuvuka 65. Israel Katoke, katika historia yake ya ufalme wa Karagwe iliyotoka mwaka 1975, alionyesha faida ya kuwasikiliza wazee, lakini habari zake zakoma mwaka 1915.

Mkusanyaji atakayeifanya kazi hii leo atatatizwa na maneno kabla hajatatizwa na tarehe. Litwaliwe neno ng'ambo. Kwa aliyesimama kusini ya mto pale Kyaka, ambako daraja lilivunjwa Novemba 1978, ng'ambo ni ardhi ya Tanzania iliyotekwa. Kwa mtu wa Murongo, katika Kyerwa, mto huo huo ndio mpaka, na ng'ambo ni Kikagati, yaani Uganda. Basi wazee wawili wakisema, "Tulivuka ng'ambo," mmoja aeleza kukomboa nchi yake, na mwingine kuingia nchi ya watu. Mhariri asiyeijua njia ya mto atawaweka katika sura moja, na historia itakuwa imepotoka pasipo mtu kusema uongo.

Hata jina Kagera lataka hadhari. Mkoa ulikuwa ukiitwa Ziwa Magharibi hata mwaka 1979. Kwa hiyo "Kagera" katika kinywa cha mzee yaweza kuwa mto, mkoa, au vita yenyewe. Karagwe nayo, katika habari za mwaka 1978, yachukua pia Kyerwa, iliyotengwa kuwa wilaya mwaka 2012.

Gumu zaidi ni neno nduli. Lilienea nchini kwa hotuba na magazeti hata likawa kama sehemu ya jina la Amin. Vivyo hivyo sababu, uwezo na nia, maneno matatu ya Mwalimu Nyerere. Msimulizi akiyatumia, si rahisi kujua kama akumbuka alichokiona au alichokisikia. Kuyafuta ni kosa, kwa kuwa hotuba nayo ilikuwa sehemu ya vita. Kuyapokea kama ushahidi wa macho ni kosa kubwa zaidi. Dawa ni kuuliza tena: njaa ilikuwaje, nani alibeba nini, mvua za vuli ziliharibu njia gani.

Maswali hayo hujibiwa vema kwa Kinyambo. Kiswahili ndicho kilichokuwa lugha ya amri na ya kambi, na mzee hukirudia asimuliapo mapigano; asimuliapo nyumbani, aliyemzika na shamba lililoota magugu, hurejea lugha ya mamaye. Kitabu kitakachoyageuza yote kuwa Kiswahili sanifu kitasomeka kwa urahisi, lakini mahali pa kuhama huko hapataonekana tena. Yapasa maneno ya Kinyambo yachapwe kama yalivyosemwa, tafsiri ikae chini yake, hata kama kurasa zitaongezeka na mchapaji akalalamika.