Mtegaji Anapobadilishwa: Kuhusu «Questions pour un champion»

Mwezi wa Februari 2016 Julien Lepers aliacha kuongoza «Questions pour un champion», kipindi cha televisheni ya Ufaransa alichokishika tangu kilipoanza mwezi wa Novemba 1988. Nafasi yake ilichukuliwa na Samuel Étienne, mwandishi wa habari. Kwa watazamaji wa huku kwetu, waliokizoea kipindi hicho kupitia TV5 iliyoanza kuenezwa Afrika mwaka 1992, jambo hilo halikuwa la mbali. Mengi yaliyosemwa wakati ule yalihusu umri wa mtangazaji na mapenzi ya watu kwake. Sisi tungependa kuuliza swali la fasihi simulizi: katika mchezo huu mtangazaji ni mwenyeji tu wa wageni, au ni fanani?

Jibu tunalipata katika hatua ya mwisho ya mchezo. Washindani wawili waliobaki husimama uso kwa uso. Mtangazaji husoma swali ambalo mara nyingi huanza kwa maneno «Je suis», na kitu kinachotafutwa hujieleza chenyewe kwa nafsi ya kwanza, kutoka dalili iliyofichika hadi iliyo wazi. Katika sekunde 20 hizo thamani ya jibu hushuka kutoka alama 4 hadi 1. Bila shaka hiki ni kitendawili, lakini si kama chetu. Chetu hutegwa kwa pigo moja. Anayesema «Nyumba yangu haina mlango» amekwisha kusema yote, na anayelitafuta yai hufikiri mpaka alipate au akubali kutoa mji. Katika televisheni fumbo hufunguliwa neno kwa neno, kwa hiyo pumzi ya msomaji huingia katika hesabu. Akienda mbio, mshindani hupata dalili nyingi kwa bei ya alama 4. Akisitasita, hupata chache. Huyo si mwenyeji tu.

Lepers alilijua hilo, au tuseme mwili wake ulilijua. Mwito wake «Top!» ulifanya kazi ya neno letu «Kitendawili!»: ulifungua uwanja na kuwanyamazisha watu. Alisoma kwa haraka, akashangilia, akasikitika, wakati mwingine kupita kiasi (wako waliochoshwa naye, na hatuwalaumu). Étienne anasoma kwa usafi zaidi, kama mtu aliyelelewa na taarifa ya habari. Kila silabi husikika, na mshindani hutendewa haki. Hata hivyo tunaona kuna kitu kilichopungua. Mtegaji wa Kiswahili si mwamuzi asiye na upande. Hadhira ikishindwa, yeye ndiye anayepewa mji, naye huutaka. Lepers alisimama kama mtu mwenye mji wa kupoteza. Kwa msomaji mtulivu fumbo hugeuka mtihani, na sisi tunaosahihisha mitihani twaijua tofauti hiyo vizuri.

Je, kila kipindi hutegemea mtangazaji wake hivyo? La. Tutazame «Des chiffres et des lettres», kilichozaliwa mwaka 1965 kwa jina la «Le mot le plus long». Patrice Laffont alikiongoza tangu 1972 hadi 1989, na Laurent Romejko tangu 1992, na mchezo uliendelea kuwa ule ule. Sababu ni kwamba kiongozi hapo hana matini ya kutamba. Herufi na tarakimu hutoka kwa bahati, washindani huunda maneno na hesabu, na anayesema kama neno limo au halimo ni mwingine. Kwa miongo kadhaa kazi hiyo ya kuamua ilikuwa ya Arielle Boulin-Prat kwa herufi na Bertrand Renard kwa tarakimu. Walipoondoka mwaka 2022, wengi walihisi kwamba kipindi kimebadilishwa kwa kweli, ingawa Romejko alikuwa bado amesimama mahali pake. Kipindi kilikomeshwa mwaka 2024. Hatudai kwamba kuondoka kwao ndiko kulikokiua, kwani hata siku zake za kuonyeshwa zilikuwa zimepunguzwa. Tunachodai ni kwamba anayetaka kujua ni nani aliyebadilishwa katika kipindi asianze na jina lililoandikwa juu, bali aulize ni nani aliyeshika fumbo na nani aliyeshika jibu.