Usalama kwanza? Mtoto wa Shabunda atangoja mpaka lini?

Wandugu, wenye walisoma saikolojia kati yetu wanajua hatua tatu za Judith Herman, kitabu chake cha 1992: kwanza usalama, kisha kukumbuka na kuomboleza, halafu kurudia kuishi na watu. Shida ni namna tunamusoma. Raia Mutomboki walianzia Shabunda 2005. Mtoto aliyezaliwa mwaka ule leo ni mtu mzima, na hatua ya kwanza bado. (Herman mwenyewe hasemi paka bunduki: usalama kwake unaanzia mwilini, kulala, kuwa na mtu wa kuamini.)

Utafiti wa Judith Bass na wenzake, uliotoka 2013, ulifanyika kwetu, Kivu zote mbili, vita ikiwa haijaisha. Wanawake waliopatwa na ubakaji ao walioushuhudia walikutana mara 12, karibu zote kwa kikundi. Walioongoza si madokta, ni wasaidizi Wakongo waliofundishwa. Wengi wa wale wamama hawakujua kusoma, basi mazoezi yalishikwa kichwani. Miezi 6 baadaye, 9% ndio walikuwa bado na dalili za huzuni nzito ao wasiwasi; vijijini kwenye walipewa msaada wa kawaida, 42%.

Lakini wale ni watu wazima. Kwa watoto tuna utafiti wa Beni, 2013 vilevile: wasichana 52, wa miaka 12 mpaka 17, vikao 15. Walipata nafuu kubwa. Mie ninauliza: walilinganishwa na wenzao waliokuwa wanangoja tu. Ni terapi iliwaponyesha, ao ni kule kukutana na kusikilizwa? Na Beni ni muji. Shabunda watoto wanafuata wazazi kwenye dhahabu ya Ulindi, leo wako, kesho hawako. Vikao 15 nani atavimaliza?

Tena, njia ya Beni inaomba mtoto asimulie yaliyomupata. Kwenye kijiji ambapo aliyemutendea anapita kila siku mbele ya nyumba, hiyo si jambo dogo. Ile ya Bass haikulazimisha kusimulia; ilishika wazo kama "ni kosa langu" na kulipima. Kwangu mie, hiyo ndiyo ingejaribiwa kwanza na watoto wa Shabunda, kwa vikao vichache, na walimu wenye wanaishi palepale. Wenye munatafuta sujet ya memwari, hii hapa.