Mche Haukuunguzwa, Uliamriwa Kufa

Jani linapopata mwanga kuliko linavyoweza kuutumia, klorofili humwaga nishati ya ziada kwenye oksijeni iliyo jirani nayo. Oksijeni hiyo iliyochangamka, yaani oksijeni singleti, hushambulia mafuta na protini za kloroplasti. Kwa muda mrefu maelezo yaliishia hapo: jani limeunguzwa, limekufa. Kundi la Klaus Apel pale ETH Zürich ndilo lililoyatikisa maelezo hayo, na njia waliyopitia inastahili kufuatwa hatua kwa hatua.

Ugumu ulikuwa huu: kwenye mwanga mkali, oksijeni singleti, superoksidi na peroksidi ya hidrojeni huzuka kwa pamoja. Ukiona jani limepauka, utamshitaki nani?

Walianza kwa kuotesha miche ya Arabidopsis gizani, kisha wakaimulika kwa mwanga wa buluu na kutafuta ile inayong'aa nyekundu kupita kiasi. Wekundu huo ni wa protoklorofilaidi, malighafi ya klorofili ambayo hungoja mwanga ili ikamilishwe. Mmea wa kawaida husimamisha utengenezaji wake usiku. Mmea waliouchagua, uliotangazwa mwaka 2001 kwa jina la flu, umepoteza protini ya kuusimamisha, hivyo malighafi hujilimbikiza gizani. Ukiwashiwa taa, mlundikano huo hugeuka kiwanda cha oksijeni singleti. Lakini ukilelewa kwenye mwanga usiokatika, flu hustawi kama mimea mingine. Mtafiti akapata swichi: aina moja ya oksijeni, ndani ya kloroplasti, kwa dakika anayoitaka yeye.

Mwaka 2003 swichi hiyo ilionyesha kwamba miche michanga hupauka na kufa, na mimea iliyokomaa hudumaa. Muda mfupi baada ya taa kuwaka, jeni nyingi za kwenye kiini cha seli zilikuwa zimebadili kazi, na hazikuwa zile zinazoamshwa na parakwati, dawa ya magugu inayozalisha superoksidi. Kiini kilitambua ni oksijeni ipi iliyozuka.

Hatua ya 2004 ndiyo ninayoiona bora kuliko zote. Walivuruga upya jeni za flu, wakaotesha miche kwenye zamu za giza na mwanga zinazomuua flu, wakatafuta iliyosalimika. Kusalimika peke yake hakukutosha, kwa sababu mche ungeweza kupona kwa kutolimbikiza tu ile malighafi. Kwa hiyo walipima. Mche uliokosa protini iitwayo EXECUTER1 ulilimbikiza malighafi kama flu na kutoa oksijeni singleti kwa kiwango kilekile, lakini ukaendelea kuishi. Sumu ipo, kifo hakipo. Bila kipimo hicho, hoja nzima ingebaki dhana.

EXECUTER1 hukaa ndani ya kloroplasti, na oksijeni singleti hudumu mikrosekunde chache tu, kwa hiyo haiwezi kufika kwenye kiini yenyewe. Lazima kitu kingine kipeleke habari. Mwaka 2012 kundi la Michel Havaux, Ufaransa, lilionyesha kuwa beta-siklositrali, kipande kinachotokana na karotini iliyooksidishwa, hubadili utendaji wa jeni zinazoitikia oksijeni hiyo. Mwaka 2016 ikabainika kwamba EXECUTER1 sharti ivunjwe na kimeng'enya cha FtsH ndipo ishara itoke.

Hata hivyo, flu ni mtego wa maabara. Kwenye jani la kawaida, oksijeni singleti hutoka hasa katika mfumonuru wa pili, si kwenye malighafi iliyorundikana usiku. Kundi la Havaux lilitumia mmea mwingine, ch1, ambao oksijeni yake hutoka huko, na vifo vya seli vilivyofuata havikuitegemea EXECUTER1 bali kimeng'enya cha OXI1. Basi anayesoma kazi ya Zürich asiichukue kuwa jibu la kila jani linalopauka juani: imethibitisha njia moja ya amri ya kufa, na njia ziko zaidi ya moja.