Mfuko wa Pajani

Bahari ya Orkney, kaskazini mwa Uskoti, haina huruma na mikono. Mwezi wa nne maji yake huwa nyuzi 7 hivi, na hata Agosti, wenyeji wanapoapa kwamba kuna joto, hayazidi sana 13. Ile suti nyembamba ya mpira anayovaa mzamiaji wa Mafia au Pemba haifui dafu huko. Watu huvaa suti kavu: vazi zima la kuanzia shingoni hadi nyayoni, lisilopitisha maji, linalobana shingoni na kwenye vifundo vya mikono, na chini yake nguo nzito za joto. Wanaoizungumzia suti hiyo huzungumzia zipu, kitambaa na bei. Mimi nataka kuisifu mifuko yake miwili ya pajani, pamoja na wale wanaojua kuipanga.

Wengi wanaokwenda Orkney hufuata Scapa Flow, ghuba iliyozungukwa na visiwa. Tarehe 21 Juni 1919, Admirali Ludwig von Reuter aliamuru manowari za Kijerumani zilizozuiliwa humo zifunguliwe vali zake zijae maji, zisije zikaangukia mikononi mwa washindi wa vita. Kati ya meli 74, zilizama 52. Nyingi ziliinuliwa baadaye zikauzwa vyuma chakavu. Saba kubwa bado ziko chini, kwenye kina cha mita 25 hadi 45. (Msomaji wa Tanzania asizichanganye na Königsberg, iliyomalizikia kwenye delta ya Rufiji mwaka 1915. Hiyo ina kisa chake, na mzinga wake mmoja uko Fort Jesus, Mombasa.) Tatu kati ya zile saba za Scapa, Markgraf, König na Kronprinz Wilhelm, zimelala kifudifudi katika maji ya kijani yanayoruhusu jicho kwenda mita chache tu, kisha basi.

Sasa mtazame mtu aliyeshuka huko. Amelala kifudifudi majini, kama inavyotakiwa. Kichwani ana kofia nene ya mpira, na miwani yake inamkatia kabisa upande wa chini, kwa hiyo paja lake mwenyewe halioni. Vidole vimo ndani ya glavu nene na vimeanza kufa ganzi. Juu ya hayo, akivuka mita 30, naitrojeni anayoivuta kwa mgandamizo humlevya kidogo: hesabu ndogo inakuwa ngumu, na jambo la kijinga linaonekana la busara. Mtu wa namna hiyo hafai kuulizwa kitu kiko wapi. Ndiyo maana mzamiaji mwenye akili hufikiri mapema, akiwa juu na kikombe cha chai, kisha fikra zake anazipakia mfukoni ashuke nazo. Mkunga wa kijijini, akiitwa usiku wa manane kwenye nyumba isiyo na taa, alitia mkono mkobani akatoka na wembe au uzi bila kupapasa. Ustadi ninaousifu ni huo.

Nilipata kumtazama mama mmoja wa makamo akipanga mifuko yake melini, katika bandari ya Stromness huko huko Orkney, kabla hatujang'oa nanga. Alimwaga kila kitu juu ya benchi. Akaanza na boya la ishara, ule mfuko mrefu wa nailoni wa rangi ya chungwa ambao hupulizwa hewa ukiwa chini, ukapanda na kumwonyesha nahodha mahali ulipo. Alilisukuma hewa yote ikatoka, akalikunja kwa urefu, akalisokota kwa nguvu kuanzia kichwani kuja mdomoni hadi likawa furushi la kuenea kiganjani, akalibana kwa mpira. Likafuata gurudumu dogo lenye mita 30 za kamba. Alipitisha kulabu ya springi kwenye tundu la gurudumu na kwenye kamba yenyewe, ili isijifungue yenyewe kizani. Kisha daftari lenye karatasi zisizolowa, na penseli yake. Mwisho miwani ya akiba: mkanda wake aliukunja nyuma, akaitia kwenye kifuko laini, chuma kisije kikakwaruza kioo.

Kila kimoja kilikuwa na kulabu yake, na ndani ya mfuko kuna vitanzi vya mpira vya kushikia kulabu hizo. Hakuna kilichowekwa ovyo, na hakuna viwili vilivyotumia kitanzi kimoja, maana vikitumia kimoja, ukivuta hiki na kile kinakuja. Daftari lilikaa bapa kwenye paja, miwani mbele yake, furushi la boya juu kabisa. Viliingia kwa mpangilio wa kutoka. Alipokwisha kufunga mfuniko alivaa glavu, akafumba macho, akafungua mfuko kwa mkono mmoja, akatoa boya, akalirudisha. Akarudia. Hakuna aliyemcheka, maana nusu ya watu waliokuwa melini walikuwa wakifanya hivyo hivyo.

Suala la mkono gani na paja gani lina mantiki yake, ingawa kwa mgeni linaweza kuonekana ni ushirikina. Katika mfumo niliofundishwa, tochi kuu hukaa mkono wa kushoto, wa kulia ukabaki huru. Vali ya kutolea hewa ya suti iko bega la kushoto, na mkono huo ndio hunyanyuliwa wakati wa kupanda. Mitungi ya ziada, ikiwapo, huning'inia ubavu wa kushoto na kulifunika paja la upande huo. Basi mfuko wa kulia unapewa vile vinavyohitajika mara kwa mara, boya likiwa la kwanza, na wa kushoto unapewa vya nadra. Wapo wanaofanya kinyume na wanarudi salama miaka nenda miaka rudi. Sibishani nao, mradi kinyume chao kiwe kile kile kila siku. Anayenitia hofu ni yule mwenye mpango mpya kila Jumamosi.

Na si kila kitu ni cha mfukoni. Hili wengi wanaoanza hulikosea. Mtu akikosa hewa, muda wake unahesabiwa kwa sekunde, kwa hiyo kidude cha pili cha kupumulia huning'inizwa chini ya kidevu kwa mpira, hakifichwi popote. Kisu cha kukatia kamba hukaa kiunoni, mahali ambapo mikono yote miwili inafika, au kwenye kifundo cha mkono. Tochi za akiba hufungwa kwenye mikanda ya mabega. Mfuko ni makao ya vitu vya dharura inayosubiri dakika: miwani iliyopasuka mkanda, ujumbe usioweza kusemwa kwa ishara za vidole, boya la kupandia.

Adabu hii, kwa sehemu kubwa, haikuzaliwa Orkney. Ilitoka kwenye mapango ya chemchemi za Florida, Marekani, ambako juu ya kichwa cha mzamiaji kuna mwamba na kosa dogo halina njia ya mkato ya kutokea. Sheck Exley aliandika kitabu cha kanuni za mapangoni mwaka 1979, akichambua vifo vya wenzake ili walio hai wajifunze. William Hogarth Main alishika upande wa vifaa: akapunguza, akapanga upya, akapunguza tena, hata jina lake la kati likawa jina la mtindo mzima. Kwake kitu kisicho na kazi katika mzamo wa siku hiyo kinabaki nchi kavu. Huko ndiko kanuni nyingine ninayoipenda ilikopata nguvu: kulabu haifungwi kwenye kifaa kwa pete ya chuma. Inafungwa kwa uzi wa nailoni, fundo mara mbili, ncha zikachomwa moto kidogo. Springi ikikwama kwa chumvi au mchanga, unaukata uzi na kuendelea na safari. Chuma kwa chuma hakikatwi kwa kisu.

Faida ya yote hayo huonekana wakati wa kupanda. Mkono wa kulia unashuka pajani, goti linakunjwa kidogo ili mfuko usogee, mfuniko unafunguka, furushi linatoka peke yake. Mpira unavuliwa, boya linaachwa lijikunjue, linapulizwa kidogo tu. Kidogo kinatosha, kwa sababu nusu lita ya hewa iliyotiwa kwenye mita 30, ambako mgandamizo ni mara nne ya ule wa juu, itakuwa lita mbili ikifika usoni mwa maji. Gurudumu, ambalo kamba yake imefungwa kwenye boya, linazunguka kati ya vidole. Likikwama, linaachiwa liende zake, na kwa sababu hiyo halifungwi mwilini hata kwa sekunde moja. Mzamiaji aliyepanga vizuri hutumia muda huo kuangalia kina chake na kumtazama mwenzake. Aliyepanga vibaya nimemwona akipigana na paja lake mwenyewe, akizunguka, akishuka mita mbili, akipanda tatu, huku daftari likielea kwa kamba na miwani ya akiba ikienda kuungana na manowari.

Mfuko uliojaa kupita kiasi una gharama nyingine. Huvuta maji mtu anapopiga mapezi, huziangusha chini miguu iliyotakiwa kulala sambamba, na wakati wa kupanda ngazi ya meli, kama hauna tundu la kutolea maji, mtu hunyanyua lita kadhaa za bahari pajani juu ya mzigo wa mitungi. Kuna hata suala la sheria. Mabaki ya Scapa yanalindwa, na zama za kurudi na vipande vya shaba kama kumbukumbu zimepita. Mfuko uliopangwa barabara hauna nafasi ya wizi.

Jioni mifuko huoshwa kwa maji ya bomba, kulabu zikabonyezwa moja moja, boya likafunguliwa likauke, lisije likaota ukungu. Hii ni kazi ya kuchosha na wengi huiruka wakakimbilia chakula.

Kwa anayenunua suti kavu leo, pale Aberdeen au Rotterdam, au popote alipo: mifuko haishonwi moja kwa moja kwenye suti, maana kila tundu la sindano lingeingiza maji. Hubandikwa kwa gundi, na kuibandua si kazi ndogo. Kwa hiyo ulizia kabla ya kulipa. Taka miwili, yenye vitanzi vya mpira ndani na tundu chini, na iwekwe mahali mkono wako unapofika ukiwa umevaa nguo zote za joto. Muuzaji akikuambia mmoja unatosha, nenda duka la pili.