Kitabu cha Padri Tempels na deni letu kwa wasiosadiki

Kuna vitabu vinavyosifiwa na watu wasiovisoma, na vingine vinakemewa vile vile bila kusomwa. Kitabu cha Padri Placide Tempels, «La philosophie bantoue», kimepatwa na mambo yote mawili. Sisi tumekisoma tena, wala si kwa ajili ya mtihani. Tulitaka kujua neno moja tu: je, kitabu hiki kinamsaidia Mkristu kumpelekea imani mtu asiyesadiki?

Tukumbuke kwanza namna kilivyozaliwa. Padri Tempels, Mfransisko wa Ubelgiji, alifika Kongo mwaka 1933, akafanya kazi kati ya Waluba wa Katanga. Aliandika kwa Kiflama. Bwana Rubbens akageuza kwa Kifaransa, nacho kitabu kikachapwa hapa hapa mjini kwetu mwaka 1945, wakati mji ulipoitwa bado Elisabethville. Mwaka 1949 kikachapwa tena Paris. Mgr de Hemptinne, askofu wa Katanga wa siku zile, hakukipenda.

Kinafundisha nini? Kwa Muluba, asema Padri, kuwa ni kuwa na nguvu. Uzima ni nguvu inayoweza kuongezeka ao kupunguka. Mtu anaitafuta kwa Mungu, kwa wazee waliokufa, kwa watu wa ukoo wake, na kwa dawa pia. Tena Padri anagusa jambo lililowasumbua mamisioneri wengi: kwa sababu gani Mkristu aliyebatizwa zamani, akipatwa na ugonjwa ao kifo, anarudia desturi za kale? Jibu lake ni hili: wafundishaji hawakusema na roho yake. Walimpa majibu, lakini maswali yake hawakuyajua.

Hapo Padri ana haki, nasi tunamshukuru. Mwaka ule wa 1945 Wazungu wengi walifikiri kwamba mtu mweusi hana mawazo yanayoshikamana. Padri aliwaambia: anayo, nanyi hamkusikiliza. Kila katekista anayeingia nyumba ya msiba akaanza kuhubiri kabla ya kukaa chini, asome sura zile.

Lakini tuulize: kitabu kinasema na nani? Padri mwenyewe hafichi: anasema na Wazungu wa koloni wenye nia njema. Muluba yupo katika kila ukurasa, lakini hakuna mahali anaposemeshwa. Anasemwa tu. Aimé Césaire alikigombeza kitabu hiki mwaka 1950, kwa kuwa kusifu mawazo ya Mbantu ni zawadi isiyomgharimu mkoloni kitu. Lawama yetu ni nyingine. Kitabu kinafundisha sikio, kinywa hakikifundishi. Mtu anaweza kujua yote juu ya jirani yake, na jirani akafa pasipo kusikia kwake jina la Yezu.

Tunasema hivi si kwa kumhukumu mfu. Ni kosa letu pia. Tulipokuwa vikari katika parokia moja ya mji huu, mzee mmoja asiyebatizwa alikuwa akitushonea viatu. Miaka miwili tulimsalimia kila asubuhi. Tulijua ukoo wake na miiko yake. Methali zake tuliziandika katika daftari. Siku moja, akiwa mgonjwa, akatuuliza: «Mupe, ile munafundishaka batu ku kanisa, miye munanifichaka juu ya nini?» Daftari ilikuwa imejaa, lakini jibu hatukuwa nalo. Tulikaa chini, tukaanza siku ile, tumechelewa miaka miwili.

Padri Tempels naye hakubaki pale alipoandika kitabu. Katika miaka ya 1950, huko Kolwezi, alionana na wafanyakazi wa Union Minière na wake zao, na hapo ikazaliwa Jamaa. Katika «Notre rencontre», kitabu cha mwaka 1962, anakiri kwamba zamani alikuja kama mkubwa mwenye kuamuru, kisha kama mtu wa kuchunguza, na mwisho kama mtu anayekutana na watu. Aliwafunulia roho yake, nao wakamfunulia yao. Ndipo baba na mama wa kambi, wasio mapadri, wakaenda wenyewe kwa jirani kusema juu ya uzima, uzazi na mapendo. Kwa maoni yetu, mambo hayo ya Kolwezi yanasahihisha kitabu cha 1945 kuliko maneno yote ya wataalamu.

Hata hivyo tusifumbe macho. Baadaye vikundi vingine vya Jamaa vilifunga mlango. Mafundisho yakawa siri yenye ngazi, na katika miaka ya 1970 maaskofu walilazimika kukataza. Basi tazameni magonjwa mawili: kitabu kinachosema juu ya watu, na kikundi kinachosema na watu wake tu. Katika yote mawili, asiyesadiki anabaki nje.

Dawa ni ipi? Shemasi Filipo alimkuta Mwetiopia akisoma katika gari lake. Alisikiliza kwanza, akauliza, akapanda, akakaa karibu. Kisha akafungua kinywa. Tusitenge vitendo hivyo. Asiyesikiliza anapiga kelele; asiyefungua kinywa anaficha mali ya mwenziwe.

Wengine watasema: mji umejaa wahubiri wenye vipaza sauti, sisi tunyamaze, matendo yatosha. Kweli, kelele zimechosha watu. Lakini mzee wetu hakukosa kelele. Alikosa mtu wa kumwambia kwa jina lake. Wengine watasema: hiyo ni kazi ya mapadri. Hapana. Konsilio, katika «Lumen gentium» ya mwaka 1964, inamwekea kila mfuasi wa Kristu deni hili kadiri awezavyo. Mwenye heri Isidori Bakanja, mtumishi kijana wa Equateur, hakusoma filozofia. Alibatizwa mwaka 1906, akawafundisha sala wafanyakazi wenzake, akapigwa fimbo kwa sababu hiyo, akafa mwaka 1909.

Basi, ndugu waseminari, someni Tempels, na mtihani mfaulu. Lakini kabla ya kufunga kitabu, kila mmoja ajiulize jina la mtu mmoja asiyesadiki anayemsalimia kila siku. Kama hamna jina, mmesoma nusu tu. Kama mnalo, mwendeeni juma hili, mkae, mmsikilize. Kisha semeni.