Kila Kitu na Mwenyewe

Mei 2011 TP Mazembe walikuwa mabingwa wa Afrika mara mbili mfululizo, na miezi mitano nyuma walikuwa wamecheza fainali ya Klabu Bingwa ya Dunia dhidi ya Inter Milan. Walikuwa wamekwisha kuwatoa Simba ya Dar es Salaam, mabao 6-3 kwa jumla. Mara CAF ikawafuta Mazembe mashindanoni. Simba walikuwa wamelalamikia usajili wa mchezaji mmoja, Janvier Besala Bokungu, aliyewahi kuchezea Espérance ya Tunis, na malalamiko yakapita. Ushindi wa uwanjani ukaliwa na karatasi.

Kisa hicho hunijia kila nimtazamapo kocha mmoja wa vijana hapa Ngezi, Bunia, akijiandaa kwa mechi. Hufika kabla ya wote, akazunguka kiwanja akiokota mawe na vipande vya chupa. Mpira huubonyeza kwa vidole gumba, kisha huudondosha na kutazama unaruka hadi wapi. Vijana hupita mbele yake mmoja mmoja: inua mguu nione njumu, onyesha kucha, kamba hiyo ifunge upya. Hana haraka, wala hapazi sauti. Kuna wazazi wanaomwona msumbufu. Mimi naweza kumtazama asubuhi nzima.

Daftari lake ndilo hasa linalonivutia. Dumu la maji lina jina la kijana mmoja, pampu ina jina, vizibao vina jina. Hakuna kitu chenye majina mawili, kwa sababu kikipotea kila mmoja atamtazama mwenzake. Orodha ya wachezaji ina jina la kocha mwenyewe. Safari moja alimsahau winga, kijana akakaa nje mechi nzima kwa kosa lisilo lake. Kocha aliwaita wote, akasema nimekosa mimi, na mazoezi yaliyofuata akafua vizibao mwenyewe, adhabu ileile anayowapa wao.

Kazi ngumu kuliko zote ni umri. Ituri hii familia nyingi zimekimbia vita, nyaraka zikabaki au zikaungua na nyumba. Basi huenda nyumbani kwa kijana, akakaa na wazazi, akaomba kadi ya chanjo, akaomba ripoti ya shule, akalinganisha tarehe.

“Kocha, si unamwona ni mtoto?” mama mmoja alimuuliza.

“Namwona, mama. Lakini mwamuzi atasoma karatasi.”

Kadi na ripoti za mwanawe zilipishana kwa mwaka mzima. Tangu hapo kijana anafanya mazoezi na wenzake kila siku, ila kwenye orodha hajaingia. Na kwenye daftari, mbele ya suala la cheti chake, limeandikwa jina la kocha.