Dubwana Mchana Kweupe: Mvuto wa Filamu ya Gwoemul

Maelezo yaliyozoeleka kuhusu mvuto wa filamu za madubwana ni kwamba hofu huzaliwa na kisichoonekana. Jaws (1975) ya Steven Spielberg hutajwa mara kwa mara kuwa kielelezo: papa anacheleweshwa, na mtazamaji anajitungia papa wake mwenyewe. Filamu ya Korea Kusini iitwayo Gwoemul (2006), iliyoongozwa na Bong Joon-ho, inayatia mashakani maelezo hayo. Dubwana lake linajitokeza mapema, mchana kweupe, ukingoni mwa Mto Han jijini Seoul, mbele ya watu waliokwenda kula na kupunga upepo. Hata hivyo, takriban tiketi milioni 13 ziliuzwa nchini humo. Ikiwa mnyama ameshaonekana kuanzia kichwa hadi mkia, mtazamaji anabaki akiogopa nini?

Anachoogopa ni kutosikilizwa. Tangu mwanzo dubwana hilo ni zao la amri. Katika mochwari ya kambi ya jeshi la Marekani, mkubwa Mmarekani anamwagiza msaidizi wake Mkorea amwage chupa za formalini kwenye sinki, ingawa mfereji unaelekea mtoni. Msaidizi anapinga kwa adabu, kisha anatii. Kisa hicho kina msingi wa kweli: mwaka 2000 kemikali hiyo ilimwagwa kutoka kambi ya Yongsan.

Baadaye Gang-du, muuza kibanda asiye na ufasaha wala cheo, anapigiwa simu na bintiye aliyedhaniwa kuwa ameliwa. Anajaribu kuwaeleza maofisa kwamba mtoto amehesabiwa miongoni mwa wafu ilhali hajafa. Sentensi yake ni ya kweli, lakini inasikika kama ya mtu aliyerukwa na akili, na hivyo ndivyo inavyopokewa. Dola limekwisha kutangaza kuwa mnyama ameleta kirusi. Asemaye kinyume ni mgonjwa.

Kilele cha hoja hii ni tukio fupi la ukalimani. Daktari wa Kimarekani anamnong'oneza mkalimani kwamba hakuna kirusi chochote kilichopatikana. Gang-du, ambaye hakukusudiwa kuelewa, anayanasa maneno mawili ya Kiingereza. Badala ya kuachiliwa, anatobolewa kichwa. Wanaoandaa matangazo ya dharura za afya katika nchi zenye lugha nyingi, za kwetu zikiwemo, wangefaidika kulitazama tukio hilo mara mbili: mkalimani yupo, lugha zote mbili zipo, na bado habari haimfikii inayemhusu ila kwa bahati.

Hata jina la filamu limeingia katika mgogoro huo. Gwoemul kwa Kikorea ni dubwana tu. Jina la Kiingereza, The Host, laweza kusomwa kama kiumbe kinachohifadhi kimelea, yaani linabeba ule uongo ambao filamu inaukanusha. Mfasiri wa Kiswahili atakayeandika "Mwenyeji" atakuwa ameurithi uongo huo bila kujua. "Zimwi" nalo halifai sana, kwa kuwa zimwi la ngano zetu husema na kufanya hila. Hili halisemi lolote. Wanaosema ni watu.

Filamu si kamilifu. Safari ya mjomba kwa rafiki yake wa zamani inarefushwa, na moto wa mwisho unamfanya mnyama aonekane wa kompyuta mno. Lakini umaliziaji wake ni wa kijasiri. Katika ngano nyingi za Kibantu za dude mmeza watu, tumbo hupasuliwa na waliomezwa hutoka hai. Hapa Gang-du anamvuta bintiye kutoka kinywani mwa dubwana akiwa amekufa, amemkumbatia mvulana mgeni anayepumua. Mvulana huyo ndiye anayekula naye wali kibandani katika theluji, wakati televisheni inatangaza kwamba kirusi hakikuwepo na kwamba kosa lilikuwa la upotoshaji wa habari. Gang-du anaizima kwa kidole cha mguu, wanaendelea kula.